Gilbert Walker: Mwanahisabati aliyeiweka mvua ya Zanzibar kwenye hesabu za India

Katika Bonde la Kilombero, mvua si habari ya kupigia soga tu. Ikija kwa wakati, mpunga unapandwa na ghala linajaa. Ikichelewa, mbegu inakauka shambani. Ikizidi, mto unavuka kingo zake na maji yanaingia mashambani hadi majumbani.

Ndiyo maana utabiri wa masika ukianza kusambaa kwenye simu, watu wa Ifakara wanajiuliza: huu utabiri unatoka wapi hasa, na tuuamini kiasi gani?

Sehemu ya jibu inaanzia kwa mtu ambaye hata hakusomea hali ya hewa. Alipenda filimbi, alipenda kurusha bumarangi, na alifariki mwaka 1958 huku wengi wakiamini kazi yake kubwa haikufika popote. Jina lake ni Sir Gilbert Walker.

Leo mtaalamu wa hali ya hewa akizungumzia El Niño, au akichambua mawimbi makubwa ya angani yanayoleta na kuondoa mvua, anapita kwenye njia ambayo Walker alisaidia kuichonga.

Kijana wa hesabu

Gilbert Thomas Walker alizaliwa tarehe 14 Juni 1868 huko Rochdale, kaskazini mwa Uingereza, akakulia Croydon karibu na London. Shuleni hesabu zilimkaa. Alipofika Chuo Kikuu cha Cambridge, mwaka 1889 aliongoza mtihani wa hisabati, heshima iliyokuwa kubwa sana Uingereza wakati huo.

Masomo hayo makali yalimchosha. Afya ikayumba, akalazimika kwenda kupumzika Uswisi.

Aliporudi Cambridge alikuwa mwalimu, lakini si wa kukaa ndani na vitabu tu. Alichunguza kwa nini bumarangi, kile kipande cha mti kilichopinda ambacho wenyeji wa Australia hurusha, hugeuka hewani na kumrudia mrushaji. Aliandika juu ya jambo hilo, na wenzake wakamtania kwa kumwita Bumarangi Walker. Alichunguza pia jinsi ndege wanavyoruka, na jinsi filimbi inavyotoa sauti.

Hiyo filimbi ikumbuke, tutaihitaji mbele.

Kazi iliyomshinda aliyemtangulia

Mwaka 1903 Walker alipelekwa India, koloni la Uingereza wakati huo. Mwaka uliofuata akawa mkuu wa idara ya hali ya hewa ya nchi nzima.

Alirithi mzigo mzito. Mvua za monsuni za India, zinazonyesha kuanzia Juni hadi Septemba, zilikuwa zimekatika vibaya mwaka 1877 na tena mwaka 1899. Njaa zilizofuata ziliua mamilioni ya watu. Sera za serikali ya kikoloni zilichangia vifo hivyo, lakini ukame ndio uliowasha moto.

Mtangulizi wake, Sir John Eliot, alikuwa akitoa utabiri mrefu wa kurasa nyingi. Mwaka 1899 alitabiri mvua ya kutosha. Ukaja ukame. Lawama zikamwangukia.

Kwa hiyo Walker alipoingia, swali lilikuwa moja: je, kuna namna ya kujua mapema kama mvua itakuja? Nyuma ya swali hilo kulikuwa na maisha ya watu wanaolima kwa kutegemea mawingu, kama walivyo wengi Kilombero hadi leo.

Zanzibar inaingia kwenye fomula

Walker aliona kwamba nadharia za wakati ule haziwezi kumjibu. Akaamua kuziacha pembeni na kuanza na namba.

Alikusanya takwimu za mvua, joto na mgandamizo wa hewa kutoka vituo vya sehemu nyingi za dunia. Halafu akatafuta: ni kitu gani kikitokea mahali fulani leo, India hupata mvua nyingi au chache miezi michache baadaye?

Kompyuta hazikuwepo. Makarani wa Kihindi ofisini kwake walizidisha na kujumlisha kwa mkono, safu kwa safu. Majina yao mengi hayakuingia kwenye vitabu, ingawa bila wao hesabu zile zisingefanyika.

Fomula yake ya mwaka 1909 ilikuwa na viashiria vinne. Cha kwanza ni theluji ya milima ya Himalaya. Cha pili ni mgandamizo wa hewa kisiwani Morisi. Cha tatu ni mgandamizo wa hewa Amerika Kusini.

Cha nne? Mvua ya Zanzibar ya Aprili na Mei. Yaani masika yetu.

Kwenye hesabu zake, masika yakiwa makubwa Zanzibar, ilikuwa dalili mbaya kwa India. Kwa mtu wa pwani hilo la Zanzibar na India kuhusiana si jambo la ajabu. Upepo wa kusi unaopita kwetu baada ya kaskazi kuisha ndio huohuo unaovuka Bahari ya Hindi na kupeleka unyevu India. Manahodha wa majahazi waliujua karne nyingi kabla ya Walker kuzaliwa. Yeye alichofanya ni kuuweka kwenye namba.

Je, fomula ilifanya kazi? Kwa kiasi. Kuna miaka ilisaidia, na kuna miaka iliteleza. Baadhi ya viashiria vilivyoonekana imara vilipoteza nguvu kadiri miaka ilivyokwenda. Mwaka 1918 India ilipata moja ya ukame mbaya zaidi wa karne nzima.

Na hapa ndipo Walker anapotofautiana na watabiri wengi. Badala ya kutetea namba zake, alianza kujiuliza namna namba zinavyoweza kumdanganya mtu.

Spektra ni nini?

Tusimame kidogo, maana hapa ndipo penye kiini cha habari.

Fungua programu ya muziki kwenye simu yako. Baadhi zinaonyesha vijiti vinavyopanda na kushuka wimbo ukiendelea. Kijiti cha kushoto ni besi, sauti nzito. Cha kulia ni sauti nyembamba. Wimbo ni mmoja, lakini simu imeuchambua na kukuonyesha kila aina ya sauti ina nguvu kiasi gani.

Picha hiyo ya vijiti ndiyo spektra.

Sauti ni mawimbi ya hewa. Walker mpenda filimbi alilijua hilo vizuri: noti moja ya filimbi ina ndani yake mawimbi kadhaa, mengine ya haraka, mengine ya polepole.

Sasa chukua rekodi ya mvua ya Ifakara ya kila siku kwa miaka 30. Ukiitazama hivihivi utaona fujo. Ukiichambua kwa spektra unaweza kuona vitu vilivyojificha. Kuna wimbi la mwaka mzima, la masika na kiangazi. Kuna mawimbi ya siku chache. Kuna ya wiki kadhaa. Kuna ya miaka. Yote yamepandana, na mvua inayokulowesha ni jumla yake.

Mwaka 1898 mwanafizikia Arthur Schuster alikuwa ameonyesha njia ya kuchambua takwimu namna hiyo. Watu wakaifurahia mno. Kila mmoja akaanza kutangaza amegundua mzunguko wake: huyu miaka 11, yule miaka 35.

Walker akasema ngoja kwanza.

Mtego wa kutafuta sana

Hoja yake, aliyoiandika mwaka 1914, inaeleweka kwa sarafu.

Rusha sarafu mara 10. Uwezekano wa upande uliouchagua kutokea mara zote 10 ni 1 kati ya 1,024. Rafiki yako akifanikiwa mbele yako, utashangaa.

Lakini jaza watu 2,000 uwanjani, kila mmoja arushe sarafu mara 10. Kuna uwezekano mkubwa atapatikana angalau mmoja aliyefanikiwa. Je, ana kipaji? Hapana. Mmejaribu watu wengi tu.

Mizunguko ya mvua ni hivyohivyo. Ukipima mzunguko wa miaka 2, wa 3, wa 4, hadi wa 50, lazima mmoja utatokea kuwa na nguvu kuliko mingine. Huo kuwa mkubwa peke yake hakuthibitishi kitu. Walker akatoa kipimo cha hesabu: kadiri ulivyojaribu mara nyingi, ndivyo ushahidi wako unavyotakiwa kuwa mkubwa zaidi.

Ni kanuni rahisi kuitaja, lakini inauma kuifuata. Mtu aliyepewa kazi ya kutafuta dalili za mvua alijitengenezea kipimo cha kuzikataa nyingi kati ya alizozipata.

Somo la Ziwa Victoria

Afrika Mashariki ina mfano mzuri wa mtego huo.

Mwaka 1923 mtaalamu wa Uingereza, C. E. P. Brooks, alionyesha kwamba usawa wa maji ya Ziwa Victoria, uliokuwa ukipimwa tangu 1896, ulipanda na kushuka sambamba na madoa meusi ya jua, yanayoongezeka na kupungua kila baada ya miaka 11 hivi. Mistari miwili kwenye karatasi ilikwenda pamoja vizuri kabisa.

Ilionekana siri imepatikana. Hesabu madoa ya jua, ujue ziwa litafanyaje.

Baada ya miaka michache uhusiano ule ukavunjika. Ziwa likaenda njia yake, jua njia yake. Kipindi cha takwimu kilikuwa kifupi mno, mizunguko miwili tu na ushei ya jua.

Walker, ambaye naye alishawahi kupima uhusiano wa madoa ya jua na hali ya hewa, aliandika tena juu ya usawa wa maziwa na madoa ya jua mwaka 1936.

Mizani ya bahari mbili

Pamoja na ukali huo wa kuchuja, kuna kitu kimoja kikubwa kilibaki kwenye chekeche.

Walker aliona kwamba mgandamizo wa hewa ukipanda upande wa Bahari ya Pasifiki, hushuka upande wa Bahari ya Hindi na Australia. Baadaye hugeuka. Kama mizani ya sokoni: sahani moja ikipanda, nyingine inashuka, na mvua za nchi nyingi zinafuata.

Mwaka 1924 aliupa mwenendo huo jina la msukosuko wa kusini. Mwaka huohuo alitunukiwa cheo cha Sir, akaondoka India na kuwa profesa wa hali ya hewa huko Imperial College, London, hadi 1934.

Akiwa London alirudi kwenye swali la spektra. Je, ile mizani ina saa yake, mzunguko kamili unaoweza kuuwekea tarehe?

Fikiria mtoto kwenye bembea. Ukimsukuma mara moja, anakwenda na kurudi kwa mwendo unaokaribia kulingana, halafu anapungua. Sasa watoto wengine wapite wakimsukuma ovyo, mara kwa nguvu, mara polepole. Bembea itaendelea kucheza. Kwa mbali itaonekana ina mzunguko, lakini huwezi kutaja kwa uhakika itakuwa wapi dakika kumi zijazo.

Mwanatakwimu George Udny Yule alikuwa ameanza hesabu za aina hii mwaka 1927. Mwaka 1931 Walker alizipanua na kuzijaribu kwenye mgandamizo wa hewa wa Darwin, kaskazini mwa Australia. Milinganyo iliyotokana na kazi zao inaitwa Yule–Walker hadi leo. Inatumika kukadiria spektra kwenye takwimu fupi, na haikuishia kwenye mvua: wahandisi wanaitumia pia kuchambua sauti ya binadamu.

Ndiyo sababu El Niño haina kalenda. Hurudi baada ya miaka 2 hadi 7, bila kutoa ahadi.

Alikufa kabla ya kusifiwa

Walker alifariki tarehe 4 Novemba 1958 huko Coulsdon, Uingereza, akiwa na miaka 90.

Wakati huo mizani yake ilikuwa imepita miongo ya utulivu, na wengi waliitilia shaka. Taazia iliyoandikwa kwenye jarida la wanataaluma wenzake ilimheshimu, ila ilikiri kwamba matumaini yake ya kupata msingi wa nadharia ya hali ya hewa ya dunia hayakuelekea kutimia.

Miaka 11 tu baadaye hukumu hiyo ikageuka. Jacob Bjerknes, mtaalamu mwenye asili ya Norway aliyekuwa akifanya kazi Marekani, alionyesha kwamba mizani ya Walker na joto la bahari la El Niño ni kitu kimoja chenye sura mbili. Mzunguko mkubwa wa hewa juu ya Pasifiki, unaopanda magharibi na kushuka mashariki, akaupa jina la Walker.

Mwenyewe hakuwepo kusikia.

Wimbi la siku 40 hadi 50

Kompyuta zilipoingia, kazi iliyowachukua makarani miezi ikawa ya dakika.

Mwaka 1971 Wamarekani Roland Madden na Paul Julian walichambua kwa spektra takwimu za miaka 10 za kisiwa kidogo cha Canton, katikati ya Pasifiki. Kijiti kimoja kikasimama juu ya vingine: wimbi la siku 40 hadi 50. Walilipima kwa tahadhari ileile ya kujiuliza kama si bahati tu. Likapita.

Leo linajulikana kwa majina yao. Ni kundi kubwa la mawingu na mvua linaloibuka Bahari ya Hindi na kusafiri kuelekea mashariki kwa kasi ya kama mita 5 kwa sekunde. Yapo na mawimbi mengine kwenye ukanda wa ikweta, mengine yakienda mashariki, mengine magharibi. Kwa kuchambua muda na umbali kwa pamoja, wataalamu wanaweza kuyatenganisha moja moja.

Afrika Mashariki imo njiani. Utafiti unaonyesha wimbi la Madden na Julian huchangia vipindi vya mvua na vya ukavu ndani ya msimu mmoja, ingawa athari zake pwani hazifanani na za nyanda za juu. Mkulima anaiona hali hiyo bila kuijua jina: masika yameanza vizuri, ghafla jua kali wiki mbili, halafu mvua inarudi kwa fujo.

Bahari ya Hindi nayo ina mizani yake. Maji ya upande wetu yakipata joto kuliko ya upande wa Indonesia, vuli inaweza kufurika. Ilitokea 1961, ikatokea 1997, ikatokea tena 2019. Baada ya mvua za 1961 Ziwa Victoria lilipanda zaidi ya mita 2 katika miaka michache, na madoa ya jua hayakuwa na habari.

Kwa hiyo Kilombero inapata nini?

Bonde hili, kati ya milima ya Udzungwa na nyanda za Mahenge, hulimwa mpunga kwa wingi na ni ardhioevu iliyo kwenye orodha ya kimataifa ya Ramsar tangu 2002. Mto Kilombero ukikutana na Luwegu unazaliwa Rufiji, na zaidi ya nusu ya maji ya Rufiji hutoka Kilombero. Maji hayo ndiyo yanayoshuka hadi kwenye bwawa la umeme la Julius Nyerere.

Kwa maneno mengine, wimbi la angani likizidisha au kupunguza mvua hapa, linagusa sahani ya wali na hata taa ya nyumbani kwa mtu wa Dar es Salaam.

Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania inapotoa utabiri wa msimu, hutumia lugha ya uwezekano: wastani, juu ya wastani, chini ya wastani. Wapo wanaoona lugha hiyo ni ya kukwepa. Ukiijua hadithi ya Walker, unaona ni uungwana. Bembea inayosukumwa ovyo haiwezi kuwekewa tarehe, na anayekuwekea anakuuzia kitu.

Mara nyingi ujumbe husambaa kwenye makundi ya WhatsApp kwamba mafuriko makubwa hurudi kila baada ya miaka kadhaa, au kwamba mwaka wenye tarakimu fulani ni wa njaa. Kabla ya kuubadilisha msimu wako wa kupanda kwa ujumbe kama huo, uliza maswali matatu ambayo Walker angeuliza.

Moja: takwimu ni za miaka mingapi? Mbili: aliyezileta alijaribu mizunguko mingapi kabla ya kuupata huu? Tatu: je, uliendelea kufanya kazi kwa miaka iliyofuata, au ulikatika kama wa Ziwa Victoria?

Ukikosa majibu, endelea kufuatilia taarifa za siku 10 za mamlaka, muulize bwana shamba, na usiweke mbegu yote shambani kwa siku moja.